Mipini Saba ya Injinia

Jumanne, 4 Juni 2024
Boaz kaniletea kazi. Huyu ndiye mume wa binti yangu Hosiana. Anambebea injinia mmoja wa mgodini mfuko wa fimbo za gofu. Fimbo saba, vichwa vya chuma. Mipini imepinda, injinia kanunua mipya. Boaz kamwambia, "Baba mkwe wangu ni fundi mipini." Hapo kasema kweli. Nusu ya sululu za Nyarugusu nimezitia mpini mimi.

Jumatano, 5 Juni
Nimechoma shingo za vichwa kwenye mkaa, gundi ya zamani ikalegea, mipini ikachomoka. Mipya inapwaya kidogo. Boaz kaleta chupa mbili za gundi ya kuchanganya. Eti baba, injinia kasisitiza gundi, na zikae siku nzima bila kuguswa. Nikamuuliza, wewe unanifundisha kutia mpini? Mimba yenyewe imekushinda, mwaka wa nne huu. Hosiana alikuwa anapepeta mchele. Akaacha ungo, akaingia ndani.

Alhamisi, 6 Juni
Vijiti vya mti wa mkola pembeni ya mpini, nyundo, kisha ndoo ya maji. Mti ukinywa maji unavimba, unabana. Sululu zangu hushika hivyo. Gundi nimebandikia soli ya kiatu cha kanisani. Imeshika kama jiwe.

Jumamosi, 8 Juni
Jua kali. Nimetikisa fimbo namba saba — inacheza. Nikairudisha kwenye ndoo. Boaz alipokuja nikaifuta ikakauka. Akauliza, gundi uliitia, baba? Nikasema yote. Akanishukuru kwa mikono miwili.

Jumapili, 9 Juni
Injinia kapiga mpira, kichwa cha namba saba kikachomoka. Kimempata Boaz mdomoni, alikuwa kasimama pembeni na mfuko. Taya limevunjika. Hospitali wamelifunga waya.

Jumatatu, 10 Juni
Wamekuja wawili kutoka mgodini. Nikavaa kiatu changu cha kanisani. Nani alitia mipini? Nikasema Boaz. Mimi ni wa sululu, gofu nitajulia wapi? Alijifanyia mwenyewe hapa uani, nikamkanya, hasikii. Wakaandika. Wakasema basi kazi hana, na matibabu ni juu yake. Boaz hatabisha — waya.

Hosiana karudi kutoka hospitali kuchukua kanga. Kawakuta wanaaga, kasikia. Hakuniamkia. Nikamuuliza, ng'wanawane, mwanangu, shikamoo umeiacha hospitali?

Kasimama mlangoni. Wale watu bado wanawasha gari. Anaangalia kiatu changu, soli ile, gundi imetokeza pembeni. Sasa anainama, anataka nimvulie, awaonyeshe —