Ile ya Mlango

Jumatano, 2 Julai

Filamu mpya imeanza leo. Jina lake refu, halikai mdomoni, kwa hiyo sisi wa ukumbini tunaiita Ile ya Mlango. Mwanamke mzima anarudi kwenye nyumba aliyokulia, anakuta mlango asioukumbuka. Kila akiufungua anakuta chumba kingine. Mwisho inajulikana kwamba ni stoo, na mama yake alikuwa akimfungia humo utotoni. Anamwuliza mama, sasa bibi kizee. Mama anajibu, "Sikumbuki." Halafu skrini nyeusi tii, na mtoto analia dakika nzima. Basi. Taa.

Meneja kaja na jambo lake jipya — onyesho la saa kumi likiisha, watazamaji watoe maoni. Eti wakibishana leo, kesho watakuja na wenzao. Mimi nikimaliza kukata tiketi ndiye mshika maiki. Sharti ni moja: nisimwachie mtu maiki mkononi. Ukimwachia, anasema Meneja, hutaiona tena mpaka atoe historia ya ukoo wake. Kwa hiyo namshikia kila mtu mdomoni. Leo nimejua nani kala vitunguu.

Wa kwanza, kinyozi wa ng'ambo ya barabara: mama yule afungwe yeye! Wa pili, dada wa duka la simu: hakuna mama wa hivyo duniani, hayo ya kuzusha. Wa tatu alikuwa amelala tangu katikati. Maoni yake ndiyo yaliyokuwa marefu kuliko ya wote.

Mimi haikunitisha. Niliitazama kama mtu anayetazama nguo zikikauka kambani.

Ijumaa, 4 Julai

Watu wameongezeka. Meneja anatembea kifua mbele.

Kuna mzee wa miwani, tumeshampa jina: Profesa. Anaanza hivi, "Nina swali, ila si swali." Na kweli, halijawahi kuwa swali. Leo kasema stoo si stoo, stoo ni moyo. Kinyozi — karudi tena, huyu! — kamjibu kwamba moyo hauna komeo. Ukumbi ukaangua kicheko.

Kisha nesi mmoja, bado na sare za kazini, kasema taratibu: huenda mama alikuwa anamficha mtoto, si kumwadhibu. Kinyozi: amfiche asionwe na nani? Filamu haijasema, kajibu nesi. Wee! Ukumbi ukagawanyika palepale. Wa adhabu huku, wa kuficha kule, na mimi na waya wangu katikati, napanda ngazi nashuka ngazi.

Sina upande. Wengine husema yangu macho. Mimi yangu maiki.

Jumamosi, 5 Julai

Kaka kaja. Sikujua, tiketi yake ilikatwa na mwenzangu. Anaendesha gari la mikate, kazi yake ni ya alfajiri, saa hizo za jioni huwa kalala fofofo. Nimeona mkono umenyooshwa safu ya nyuma, nimekwenda, nimeinama — harufu ya mkate. Ni yeye. Hata salamu hakuna. Kaongea kwenye maiki huku ananitazama mimi.

Kasema hana ugomvi na mama aliyefunga mlango. Ugomvi wake ni na yule bibi kizee wa mwisho, anayejibu sikumbuki.

"Mlango utafunguka," kasema. "Sikumbuki haifunguki."

Makofi! Profesa kaomba irudiwe aiandike. Nikaihamishia maiki mkono wa pili. Maiki ile ni nzito ukiishika muda mrefu.

Jumapili, 6 Julai

Kwa Mama, kama kila Jumapili. Yuko kwenye cherehani, pini mdomoni, na anaongea nazo hivyohivyo. Miaka yote hiyo hajameza hata moja.

Kaniuliza mjukuu wake anafanana na nani. Nikasema na watoto wachanga wenzake, wote wanafanana. Kanuna. Ana haki ya kununa. Binti wa Kaka ameshaanza kucheka na bibi yake hajamshika hata mara moja. Kaka alishasema wazi: hamleti mpaka Mama akubali kwamba alikuwa akitufungia stoo. Haombi kuombwa radhi. Anataka ndiyo, tu. Na Mama kila akiulizwa jibu ni lilelile: hakumbuki kitu kama hicho.

Mimi nakumbuka. Ila ninachokumbuka ni mchezo. Mchezo wa kimya. Tunaingia stoo mimi na Kaka, giza, ndoo, harufu ya sabuni ya mche. Baada ya muda linakuja Jitu, linagonga mlango: ko, ko. Ukitoa sauti umeshindwa. Kaka alishindwa kila mara, na mapema, Jitu halijafika yeye keshalia mpaka kwikwi. Mimi sikushindwa hata siku moja. Nilikuwa bingwa! Mlango ukifunguliwa, wa kwanza kubebwa ni mimi.

Hiyo ndiyo kumbukumbu yangu. Sioni imenikosea nini.

Jumanne, 8 Julai

Kaka tena. Hakunyoosha mkono. Kanisubiri karibu na mashine ya bisi, watu walipokwisha kutoka.

Kasema ameng'oa mlango wa chumba cha mtoto. Wote, na bawaba zake. Sasa shemeji yangu kawa mbogo, upepo unaingia, wanataka pazia zito la kuziba pale. Eti namjua fundi mzuri? Nikamtazama. Fundi! Kalelewa na fundi, kavishwa na fundi mpaka kaoa, leo ananiuliza mimi kama namjua fundi. Akacheka mwenyewe. Kicheko hakikufika mbali. Kanipa vipimo, kaniambia nisiseme ni vya nani.

Nikamwuliza anakumbuka nini hasa. Anakumbuka komeo likifungwa kwa nje. Anakumbuka viatu vya Mama vikienda zake sakafuni, ko-ko-ko, vinapungua, vinapotea. Halafu nyumba nzima haina mtu.

"Na Jitu je?" nikauliza. Hajui Jitu lolote. Kasema hilo nimelitunga mimi.

"Alituacha tufie mle," kasema.

"Mbona hatukufa?"

Kanitazama kama mtu asiye na hakika na hilo. Akaenda zake. Meneja kauliza yule ni nani, mbona ananuna na filamu nzuri. Nikasema mteja.

Alhamisi, 10 Julai

Nimempelekea Mama vipimo. Kavisoma mara mbili. Dirisha gani refu namna hii? Nikasema ni mlango. Mlango wenyewe umekwenda wapi? Nikasema umeng'olewa. Kauliza nani kaung'oa. Mimi kumdanganya mtu aliyeshika mkasi siwezi.

"Mwanao," nikasema. "Mlango wa chumba cha mtoto."

Kazitoa pini mdomoni, mojamoja, kazichoma kwenye kile kimto chake. Sijawahi kuona cherehani ikienda na mdomo wake mtupu. Kashona upindo, kaufumua. Kashona tena. Kisha, bila kuinua macho: hiyo filamu yenu inaanza saa ngapi?

Nikamwambia inatisha, Mama. Kasema yeye si mtoto.

Nimempigia Kaka. Sikumwambia njoo, sikumwambia usije. Nimesema tu Mama anakuja kesho. Kauliza atakaa safu gani, kakata simu kabla sijajibu.

Tangu nitoke kwa Mama nahesabu tiketi za kesho, na kila mara nakosea. Sijui nina nini. Filamu nimeiona mara ngapi!

Ijumaa, 11 Julai

Naandika kwenye kibanda cha tiketi. Mwandiko wa kuku, potelea mbali.

Mama kaja na lile gauni lake la misibani. Kakaa safu ya katikati, kiti cha pembeni, mkoba mapajani, na ndani ya mkoba pazia limekunjwa. Kaka kaingia taa zimeshazimwa, kakaa nyuma kabisa. Filamu sikuitazama. Nilitazama kisogo cha Mama.

Taa. Maoni. Kinyozi: afungwe! Dada wa duka la simu leo kageuka, kasema jambo hili amelifikiria siku zote hizi, mama wa hivyo wapo. Profesa: kimya kingi kina mshindo mkuu. Hilo nalo si swali. Halafu mkono, pale katikati. Umeinuka nusu.

Ningeweza kumpita. Mikono mingine ilikuwepo, tena mingi. Nikaenda.

Nikamshikia maiki. Kwanza kasalimia. Kasema filamu ni nzuri na waliocheza wamecheza vizuri, Mungu awabariki. Ila aliyeitengeneza kakosea mahali pamoja. Pale mwisho, mtoto analia dakika nzima. Mtoto halii vile. Siku ya kwanza, sawa. Baadaye yupo mtoto anayekaa kimya.

"Kimya," kasema, "mpaka wewe uliye nje, umesimama palepale mlangoni, viatu umevishika mkononi, unashindwa. Unagonga. Mara mbili tu, ujue kama bado anapumua. Na hajibu."

Profesa akavua miwani. Kinyozi akapaza sauti bila maiki: "Sasa wewe mama umejuaje?"

Mama akanishika mkono. Sikusema maiki, nimesema mkono.

"Nilikuwa nagonga mimi," akaniambia, na ukumbi mzima ukasikia, maana maiki ilikuwa wazi. "Ungejibu hata siku moja, mwanangu."

Nikafungua mdomo. Bingwa mzima! Hakikutoka kitu. Nikamwachia maiki mkononi, nikapanda ngazi, nikatoka. Nimeogopa. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyo: nimeogopa, kwa mara ya kwanza tangu filamu hii ianze.

Watazamaji wametoka wote, wananong'ona. Ndani wamebaki wawili. Nimechungulia. Kaka ameshuka mpaka safu ile, kaacha kiti kimoja katikati yao, na juu ya kiti hicho Mama kaweka pazia. Maiki bado anayo. Hajui kuizima. Kila kitu kinasikika huku nje, mpaka kwenye bisi.

Kaka amemwuliza alikuwa anatuficha au anatuadhibu. Mama hajajibu hilo. Amemwuliza mtoto analala saa ngapi.

Meneja anataka ukumbi wake, onyesho la pili watu wameshapanga foleni mpaka barabarani. Nimemwambia asubiri. Sijawahi kumwambia Meneja asubiri.

Sasa Mama ananiita. Kwenye maiki, kwa jina langu la nyumbani. Ameita mara mbili: ko, ko. Foleni nzima imegeuka kutazama kibanda.