Holela Ameomba Kutoka

Jumatano, Machi 1993

Ameomba mwenyewe! Holela, kijibwa changu chenye kichwa kigumu, leo ameomba mwenyewe kutoka nje.

Jina alipewa na mwenye nyumba wangu, Mama Zuhura, kwa sababu alikuwa anakojoa holela. Jumamosi alilowesha robota langu la mitumba, nikafua mashati mpaka vidole vikachubuka. Jumapili akakojoa mlangoni kwa Mama Zuhura, palepale anapotandika mkeka wa kuswalia. Mama hakufoka. Alisema tu, "Mwanangu, akirudia, mmoja wenu atahama."

Tangu hapo nina hofu. Ndugu zangu wote wako Madaba. Hapa mjini nikitoka sokoni hakuna mwingine anayefurahi kuniona, na nikimtoa huyu...

Leo mvua imenyesha kutwa. Nilikuwa jiko la nje nasonga ugali, yeye nimemfungia chumbani. Mara Mama Zuhura akaita kutoka koridoni, "Anna! Mbwa wako anakwaruza mlango, anataka nini?"

"Mfungulie, mama, tafadhali!"

Mama, asiyetaka hata kuguswa na mbwa, akasukuma komeo kwa ncha ya mwamvuli. Holela akampita bila kumgusa kanga, akakimbia mvuani hadi kwenye mgomba, akainama, akamaliza haja yake. Akarudi amelowa chapachapa, mkia juu.

Mama Zuhura akamtazama sana. "Kumbe ana adabu. Mtafutie jina jingine."

Nimefikiria jioni nzima. Sijapata linalomtosha.