Alama Zilizojazwa kwa Jina la Mwalimu Nyambeki

Leo umetimiza mwaka mmoja tangu utuache, Mama, Mwalimu Nyambeki wa Boito. Tungependa kukuambia kwamba machungu yamepoa. Lakini yamegeuka kuwa hasira, na wewe hukutulea tuseme uongo.

Tunakumbuka wiki za tathmini, meza yetu ikijaa kazi za Gredi ya Tano na sisi tukila sahani zikiwa mapajani. Kazi iliyofanywa na mzazi uliitambua papo hapo. "Hongera, Baba Kiprop," uliandika, "sasa mwache mtoto naye ajaribu." Tulicheka sana.

Asiyejua kusoma ulimwandikia "yuko mbali na matarajio", kisha saa ya chakula cha mchana ukakaa naye mkisoma maandishi ya mfuko wa mbolea. Hukumwandikia vile ili kumwaibisha. Ulitaka asaidiwe.

Mwalimu mkuu wako alitaka shule isifiwe. Alikuja mpaka hapa nyumbani, Baba akiwa amekaa papa hapa.

"Madam, si uwaweke tu wote wamefikia matarajio? Nani ataona?"

"Mtoto ako Grade Five na hawezi soma jina yake," ukamjibu. "Mimi nitaona."

Akaenda kuwaambia wazazi kwamba unawachukia watoto wao. Wakaja wakafunga geti la shule, wakakutoa darasani na chaki ikiwa mkononi. Presha ikakupanda wiki hiyo hiyo, na Jumapili ukatuacha. Jumamosi iliyofuata tulikuzika, na mwalimu mkuu huyo huyo akashika maikrofoni akalia kutushinda sisi. Tukampa pole na sahani ya wali. Wali ule unatuuma hadi leo.

Desemba, Chepchumba alikuja na karatasi ya matokeo. Yeye ni mama yake Mathew wa darasa lako, na alikuwa mmoja wa waliofunga geti.

"Baba Zack," alimwambia Baba, "hapa inasema Madam alijaza hizi marks Jumanne ile kabla ya mazishi. Si Jumanne tulikuwa hapa kwako, kwa matanga?"

Watoto arobaini na mmoja, wote wamefikia matarajio, kwa jina lako. Jumanne hiyo ulikuwa mochari, siku mbili baada ya kufa. Mathew bado alikuwa hajui kusoma, na karatasi ilisema wewe umeridhika naye. Chepchumba alilia, tukamsamehe. Atatoa ushahidi.

Mwalimu mkuu hatujamsamehe. Mchungaji anatusihi tumwachie Mungu. Tumemwambia Mungu atapata zamu yake sisi tukishamaliza.

Kesi yake ya nidhamu, tuliyoifungua kwa tume ya walimu, ni Alhamisi ijayo. Hatutaki aombe radhi, tunataka afukuzwe ualimu, asiguse tena alama ya mtoto wa mtu. Tutafika mapema tukae mbele, tukiwa tumevaa zile tisheti za mazishi zenye picha yako. Ataulizwa ni nani aliyejaza alama hizo. Akisema ni wewe, binti yako Dorcus atasimama na cheti chako cha kifo. Akinyamaza, atakuwa anakutazama vifuani mwetu sote.

Unakumbukwa na mumeo Mokaya, wanao Zack, Dorcus na Judy, dada yako Nyamusi, na Mathew, ambaye Judy anamfundisha kusoma kila Jumamosi. Ameanza kuunganisha silabi.

Sisi hatutakusahau maisha yetu yote, Mama. Naye hatakusahau, hilo tutalihakikisha wenyewe.