Makofi ya Heru Juu

Jumanne, 9 Juni 2015

Masifu ya asubuhi. Baridi kali. Nimegeuza muhogo uliotandazwa juu ya mwamba, kisha nimepanda bodaboda hadi ofisi ya tawi letu la Heru Juu. Magoti yananiuma. Akili ingali timamu, namshukuru Mungu.

Chama chetu kimebadilika sana. Zamani kilikuwa cha wakulima, walimu na sisi wazee wa kanisa. Sasa kamati ya taifa imejaa wataalamu wa kompyuta wa Dar es Salaam, watu wanaounda programu za simu, nao wamewavuta wenzao wa maofisini ambao hawakuwahi kutusikiliza. Silalamiki. Nimekuwa katekista maisha yangu yote. Naijua furaha ya kuwapokea waongofu. Lakini hawa wana haraka. Wanataka jina la mgombea udiwani wa kila kata litumwe kwao kwa simu. Wakulima wangu wengi wana simu za kitochi, zisizo na intaneti. Wengine hawana kabisa.

Sisi tunaye Leokadia, mjane, mkulima wa maharage, kiongozi wa akina mama. Alilishika tawi hili wakati hakuna aliyelitaka. Atasimama yeye. Sina shaka.

Alhamisi, 11 Juni

Mkutano wa tawi. Kutoka Dar ametumwa Gervas, kijana wa programu, mtoto wa Waha aliyezaliwa mjini, asiyejua Kiha. Mpole. Ametuletea Danieli, fundi wa kompyuta mwenye duka Kasulu mjini, mkazi wa kata yetu, akisema ndiye chaguo la vijana.

Danieli alisimama, akatusalimu kwa Kiha, "Mwakeye." Tukamwitikia kama tunavyomwitikia kila mtu: viganja vimekunjwa kidogo, makofi ya taratibu, habari juu ya habari, za wazazi, za watoto, za shamba. Hata mtu usiyempenda husalimiwa hivyo. Leokadia naye alipiga. Gervas aliinua simu, akatupiga video hadi mwisho.

Tumekubaliana majina yajadiliwe wiki ijayo. Watu wametawanyika kuwahi mavuno.

Jumapili, 14 Juni

Habari mbaya. Baada ya misa, mwalimu mmoja wa sekondari, mgeni kutoka Mbeya, amenionyesha simu yake. Ni video yetu. Chini yake pameandikwa kwamba Heru Juu imempitisha Danieli kwa makofi, bila kupingwa. Watu wa Dar wanatupongeza.

Leokadia amefika kwangu moja kwa moja kutoka kanisani. Amekataa kiti.

"Hongereni, Baba Katekista. Mmenizika kwa makofi, na mimi mwenyewe nikawasaidia kupiga."

Nina hasira. Naliandika neno hilo kwa makusudi, maana nimezoea kuliita huzuni.

Jumatatu, 15 Juni

Nimemwita Gervas. Alikuja akitabasamu.

"Babu, ushahidi si huu hapa? Ukumbi mzima unapiga makofi."

"Mlisalimiwa, mjukuu wangu. Hamkupitishwa."

Hakuniamini. Alidhani nampigania mtu wangu tu. Basi nikachukua fimbo, nikamwambia tutembee.

Nyumba ya kwanza, bibi mmoja alimpigia makofi akimwuliza habari za wazazi wake. Wauza muhogo wakampigia. Mzee mmoja asiyeona aliangusha mkongojo wake chini ili mikono iwe huru kumsalimu. Tukafika kwa Leokadia.

"Ndiye huyu aliyenifuta?" aliniuliza, viganja vyake vikiendelea. "Mwakeye, mwanangu. Wazazi hawajambo?"

Tulipokuwa tukirudi nilimwambia Gervas kwamba kwa utaratibu wake, yeye mwenyewe tayari amechaguliwa diwani, mbunge na askofu. Hakucheka. Aliketi juu ya jiwe kando ya njia.

"Nimeshairusha, Babu. Jina limepokelewa. Nikiomba lirudishwe, wataniona mshamba."

Nikamjibu kwamba sisi huku tumeishi na ushamba wetu na bado hatujafa.

Jumatano, 17 Juni

Gervas amefanya la kiume. Ametuma video nyingine, uso wake mwenyewe, akieleza kosa lake. Wenzake wa Dar wamemcheka kutwa nzima. Kisha mama mmoja wa kamati, mhandisi, akaandika kwamba kicheko kimetosha: kila mwanachama wa kata apige kura ya maoni kwa karatasi, Jumamosi. Nimemwombea mama huyo, ingawa simjui.

Danieli amekasirika. Amewaambia vijana wake sokoni kwamba wazee wanataka chama kiwe parokia. Wanatishia kuhama. Katibu wa tawi amenisihi nilegeze kamba. Anasema vijana wa mjini wakiondoka tutabaki sisi na rozari zetu. Nimekataa. Mtu akihama kwa sababu tumempa kila mwanachama karatasi ya kura, na aende salama.

Leokadia atashinda. Nasema hivyo bila kiburi. Nawajua watu wangu.

Jumamosi, 20 Juni

Kura imepigwa katika darasa la shule ya msingi. Wamekuja wengi kuliko nilivyotazamia. Zimekuja pia familia zilizotoka Burundi zamani, ambazo sasa ni raia, zimevaa nguo za sikukuu, kadi za chama mkononi. Danieli hakuhama. Alipanga foleni nyuma ya Leokadia, na walisalimiana.

Kura zimehesabiwa mbele ya wote. Ameshinda Danieli. Si kwa nyingi, lakini ameshinda.

Kwenye foleni nilikuwa nimeziona nyuso za watu wale wale niliowabatizia watoto wao walipokuwa katika hatari ya kufa. Nikamwuliza mama mmoja wa familia hizo za Burundi kwa nini. Akanijibu bila kuinamisha macho: Danieli huwatumia bei ya maharage ya soko la Kibondo, hata kwenye simu ya kitochi, na hajawahi kuwauliza wao ni watu wa wapi. Sikulijua hilo. Ilinipasa kulijua.

Leokadia alinifuata mlangoni.

"Nimeshindwa, Baba Katekista. Juzi nilikuwa nimefutwa. Huku kushindwa naweza kulala nako."

Nimeumia. Sijutii kura ile hata kidogo. Ingerudiwa kesho, ningeidai tena.

Jumapili, 21 Juni

Misa ya kwanza. Alasiri nimekwenda kumjulia hali Leokadia. Nilimkuta uani akichambua maharage, nikaketi kumsaidia.

Danieli alifika kwa miguu, pikipiki ameiacha barabarani. Hakuzunguka. Alisema watu wa vijiji vya juu hawamjui, na wanaomjua wanajua simu yake tu. Alimwomba Leokadia aongoze kampeni.

Leokadia alimsogezea ungo. Danieli akakunja mikono ya shati, akaketi mkekani. Tukachambua sote watatu, jua likishuka upande wa Makere.

Baadaye Leokadia alichungulia ungo wa Danieli.

"Umeacha mawe."

Danieli akayamwaga yote mkekani, akaanza upya.