Shangazi Hakuuliza Kosa ni la Nani

Mujukuu wangu Amisi,

Huku Kalemie tuko wazima, na mama yako mdogo amejifungua mtoto wa kike mwenye sauti kubwa kuliko nyumba. Unauliza ndoa zilisaidiwaje zamani, kabla ya hiyo kazi ya ushauri unayosomea.

Miaka ya kwanza ya uhuru, njia ya reli ya kupitia Niemba ilikuwa ya hatari, treni zilikuwa zinashambuliwa. Dada yangu Zaina alifunga nguo zake arudi kwa wazazi, kwa sababu mume wake, dereva wa treni, alikuwa haongei tena nyumbani. Mimi nilikwenda kumsaidia kubeba mizigo. Nikamkuta shangazi ya mume amewaketisha wote wawili mkekani wachambue ndakala, wale samaki wadogo, ili mikono ipate kazi.

Akamwambia mume, "Papa, niambie muke wako anaumia wapi."

"Analalamika tu."

"Sikuuliza malalamiko."

Mume akachambua ndakala wawili watatu, akasema, "Anaogopa treni itarudi bila mimi."

Zaina akamgeukia. "Kumbe unajua! Sasa mbona unanyamaza?"

"Nikifungua mudomo, utajua mimi pia naogopa."

Dada akacheka huku analia. "Nami nilifikiri umepata mwanamuke mwingine, mujinga wewe!"

Shangazi akainuka taratibu, akawaachia mazungumzo yao. Nadhani aliona kwamba kilichougua kilikuwa kati yao, si ndani ya mmoja.

Zaina hakuondoka. Hatari ya njia haikuisha, lakini tangu siku ile waliogopa pamoja.

Usome vizuri, na ule vizuri.

Bibi yako