Muramu, Mizinga Yako Haitachomwa

Muramu wangu Hamisi,

Pole na macho. Msalimie binti yako anayekusomea barua hii, na mwambie asiruke maneno, maana yale ya aibu ndiyo matamu.

Naanza na habari kubwa. Katika uzee huu, kwa jicho langu tupu, nimehesabu miguu ya mdudu asiyefikia hata kichwa cha kiberiti, na sikukosea hata kidogo.

Haya, si kweli. Bila miwani siwezi hata kuitafuta miwani. Na nilikosea, tena vibaya, hadi nikakaa chini kwenye sakafu ya studio yetu ya picha ya Gitega nikaanza kupanga maneno ya kukuambia kwamba mizinga yako ya Muyinga imechomwa moto. Haijachomwa. Nakuambia mapema usije ukapandisha presha huko Kigoma na bandeji usoni. Mizinga iko, nyuki wako, kelele zao ni zilezile. Sasa tulia nikusimulie.

Ulipotuachia nyumba, mimi na mke wangu Mwajuma, dada yako, ulisema kazi ni ndogo: asubuhi niende nyuma ya nyumba niwasikilize nyuki, basi. Nikawasikiliza. Siku moja nikaona nyuki mlangoni mwa mzinga amebeba kitu cha rangi ya kahawia karibu na shingo, kama mama aliyefunga mtoto mgongoni. Kesho yake nikaona wengine. Nikamwita jirani yako Bosco, kwa kuwa naye ana mizinga ng'ambo ya ua.

Bosco aliinama, akatazama, akavua kofia kama yuko msibani. "Mzee, hii iko papasi ya nyuki," akasema. "Ndiyo yenye ilimalizaka mizinga ya baba mdogo. Ijumaa nakuja na petroli tuchome yote, ama na ya kwangu itakufa."

Nikamwambia mizinga si yangu, ni ya muramu wangu aliyelala hospitali. Akajibu kwamba papasi hawaulizi mwenye mali. Na hakusema kwa ubaya, hicho ndicho kilichonitisha. Ndiyo maana wiki ile kila ukipiga simu uliambiwa niko bafuni. Ulimuuliza dada yako kama nimekuwa msafi sana uzeeni. Nilikuwa nimesimama pembeni yake, mkavu, sijui nikuambie nini. Nilijua tangu marehemu mkeo Asha akutoke mizinga ile ndiyo watu wako wa kuzungumza nao.

Nikampigia yule mama daktari wa mifugo. Alikuwa kwenye semina Bujumbura. Akaniuliza kitu kimoja tu: mdudu ana miguu mingapi. Papasi ana minane, huyo ni adui. Lakini yuko mwingine wa rangi hiyohiyo, anakaa palepale shingoni, anaitwa chawa wa nyuki. Huyo ana sita. Anadokoa chakula mdomoni mwa nyuki, ni mwizi wa jikoni, lakini haui mzinga. Nikamtumia picha ya simu. Akajibu kwamba anaona dengu. Akataka picha yenye miguu.

Miguu. Mimi niliyepiga picha nyuso za nusu ya Gitega kwa ajili ya vitambulisho, nani aliwahi kuniomba miguu?

Nikamtia nyuki mmoja na mzigo wake ndani ya chupa ya dawa, nikapanda bisi kwenda Gitega, kwenye apareyi yangu ya kupigia picha. Jirani yangu wa kiti akauliza dawa ile ni ya nini. Nikamwambia ni ya wivu. Akataka kununua.

Nilipofungua studio nilikukumbuka, na sikukumbuka mengine ila yule mama wa Buraza. Alikuja na picha ya harusi ya watu wengi, kichwa cha mama yake kiko nyuma kabisa, kidogo kama punje ya mtama. Hakuwa na picha nyingine ya mama yake duniani, akataka tuukuze ule uso. Mi nilikuwa tayari kumwambia arudi nyumbani. We ukachomoa lenzi, ukaigeuza, mbele ikawa nyuma, ukaifunga kwa mpira wa baiskeli kwenye kipande cha bomba la maji. Nikakucheka. Picha ya kwanza ikatoka nyeusi kama chini ya sufuria, nikazidi kucheka. We ukasema tu, "Bomba refu linakula mwanga. Tuongeze muda." Tukaongeza. Lampi zinaunguza nywele zangu, wakati huo nilikuwa nazo, we unahesabu kwa sauti, mi nimeziba pumzi nisitikise meza. Uso ukatoka. Yule mama hakulia. Aliugusa, akasema, "Alikuwa na kovu hapa. Nilikuwa nimesahau." Nawe ukatoka nje kunawa mikono iliyokuwa safi.

Basi nikafanya ulivyofanya. Ile lenzi ya apareyi yetu iliyokufa bado ilikuwa kwenye droo. Nikaigeuza, nikaifunga kwenye bomba, ndani nikapaka masizi ili mwanga usichezecheze, na bomba nikalichomeka kwenye apareyi ya sasa, hii isiyotumia filamu. Nikaifunga imetazama chini. Mdudu ilibidi awe karibu na kioo hadi ungedhani wanabusiana. Nyuki na mzigo wake niliwaweka kwenye frigo ya duka la jirani, katikati ya soda, si wagande, walegee tu. Mdudu akaanguka mwenyewe. Nikamlaza chali kwenye karatasi nyeupe kwa unywele wa brashi, huku nikimwomba radhi, maana mimi mwenyewe siku hizi nikilazwa chali siinuki.

Picha za kwanza zilikuwa takataka. Lampi ilimpasha joto akaamka na kuondoka. Nikamrudisha kwenye frigo. Lori likapita barabarani, picha yote ikatetemeka. Halafu apareyi yenyewe: ikiona karatasi nyeupe imejaa mbele yake inadhani imefika jua la saa sita, inapunguza mwanga, mdudu anatoka kama tone la wino. Ilibidi niinyang'anye madaraka, nikapanga mwanga mwenyewe.

Tundu la lenzi nalo lilinitesa. Nikilifungua lote, unywele mmoja unaonekana vizuri na mwili wote ni moshi. Nikilibana sana, vyote vinaonekana, lakini kama vya nyuma ya chandarua. Nikaliacha katikati. Hata hapo sehemu safi ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Nikamweka mdudu juu ya rundo la kurasa za gazeti. Napiga, natoa ukurasa mmoja chini yake, anashuka kidogo, napiga tena. Kila picha ikanipa kipande chake: hii goti, hii unyayo.

Mwisho nikaleta flashi, nikaiweka ubavuni, karibu kabisa, maana bomba lilikuwa linakula mwanga vilevile kama zamani. Mwanga wa flashi ni mfupi hata lori haliwahi kuutikisa. Picha ikatoka kali, na miguu ikaonekana yote. Nikahesabu.

Minane.

Hapo ndipo nilipokaa kwenye sakafu. Nikahesabu tena nikiwa chini, minane. Nilifikiria ukifunguliwa bandeji, urudi Muyinga, uende moja kwa moja nyuma ya nyumba ukute majivu. Nikaona afadhali niendelee kuoga maisha yangu yote.

Nikavuta picha kwenye kioo cha apareyi hadi mguu mmoja ukajaa. Mwishoni ulikuwa na vimeno kama kitana. Mwingine hivyohivyo. Lakini miwili ya upande ulio mbali na flashi haikuwa na kitana wala kucha, ilikuwa mirefu, imenyooka, na rangi ya majivu. Nikakusikia ukinifokea kama ulivyonifokea siku ile picha za vitambulisho ziliporudishwa, mteja akiwa na sikio la tatu ukutani: "Mzee wewe, unapiga watu ama vivuli vyao?"

Nilikuwa nimehesabu vivuli, muramu. Miaka yote hiyo ya kazi, nikamvalisha chawa miguu ya kivuli chake.

Nikafanya ulivyomfanyia mwenye sikio la tatu: nikamtoa ukutani. Nikamweka juu ya kipande cha kioo kilichoinuliwa na viberiti viwili, karatasi ikabaki chini, mbali naye. Mbele ya flashi nikasimamisha plastiki nyeupe niliyokata kwenye chupa ya maziwa, mwanga ukawa laini kama wa siku ya mawingu. Ulipungua, nikaisogeza flashi karibu zaidi. Nikapiga. Vivuli vilikuwa vimeyeyuka.

Sita. Nilihesabu kwa kidole, kwa kalamu, nikatoka nje nikamwomba muuza soda naye ahesabu. Sita. Nikaituma picha, na yule mama wa mifugo akajibu kabla sijafunga mlango: "Chawa. Msichome kitu." Nikacheka peke yangu hadi magoti yakaniuma.

Ijumaa nilikuwa Muyinga na picha kubwa mkononi. Bosco akaja na jerikani yake. Akahesabu kwa kijiti, akahesabu tena, kisha akageuza karatasi kutazama nyuma, labda miwili imejificha huko. Alipokosa akapumua kwa nguvu, nikajua naye usiku alikuwa hapati usingizi.

"Sasa petroli hii nifanye nayo nini?" akauliza.

"Tia kwenye pikipiki," nikamwambia, "nenda kamrudishe mke wako, amekaa sana kwao."

Akanitukana vizuri tu, halafu akakaa. Tukawasikiliza nyuki wako mpaka chai ikapoa.

Nimelala vizuri tangu siku hiyo, na kila asubuhi naenda kwao bila kuogopa nitakachokuta. Binti yako anasema daktari ameridhika na macho yako. Nimeweka picha ndani ya bahasha, uwe unaitazama ukifunguliwa. Najua ni sura mbaya ya kuanzia, lakini umeshatazama yangu miaka mingi na hukufa.

Sasa kuna jambo dogo, na hili nakudai. Aliyelinda mzinga huonjeshwa. Ule wa upande wa migomba umejaa, nikiugonga unajibu kwa uzito. Mwajuma anasema haufunguliwi bila neno la mwenyewe, na neno lako nikilileta mimi haliamini. Piga simu, umwambie mwenyewe, kwa sauti, kwamba nina haki ya sega la ukubwa wa kiganja. Useme kiganja tu, usitaje cha nani. Bosco ana mkono mkubwa.

Ni mimi muramu wako, mume wa dada yako, nikiwa kwako
Muyinga