Baba Yetu Leonsi, Lile Tufe Bado Lipo Shambani

Mwaka umetimia, Baba, tangu tulipokulaza katika udongo wa Ufipa, mvua za masika zikiwa bado hazijakatika. Jembe lako limeegemea ukuta pale pale ulipoliacha. Mama hataki liguswe.

Tunakumbuka ulivyokuwa ukiamka kabla ya majogoo, ukakohoa mara moja mlangoni ili tujue siku imeanza. Tunakumbuka ulivyomfukuza jirani yetu Beda aliyekuja kuosha bomba lake la dawa kwenye chemchemi. "Beda, wewe ni rafiki yangu, lakini maji haya yananywewa na mama yako pia. Toka." Beda alitoka akicheka, na hakurudia.

Ulikuwa na maneno makali na mkono laini. Mimi mwanao Flavian ulikuwa ukinitania mbele ya wageni: "Huyu anatunga mashairi. Ngoja tuone kama yatazibua mfereji." Kisha unanipa koleo, na tunakwenda wote.

Lakini leo hatuandiki kwa machozi matupu, Baba. Tunaandika tukiwa na hasira.

Unakumbuka msimu ule wa kuvuna ulezi, tufe la chuma lilipoanguka kutoka angani, kubwa kama pipa, jeusi kwa kuungua, likachimba shimo shambani kwetu juu tu ya chemchemi. Wakubwa wa serikali walikuja na gari. Wakapiga picha, wakatuambia ni kipande cha roketi, ya nchi gani hawajui. "Msiliguse, huenda ndani mna sumu. Tutarudi." Beda akakuambia, "Baba Flavian, hii si zawadi ya mbinguni?" Ukamjibu, "Zawadi ina mkono unaoitoa. Nionyeshe mkono."

Wanunuzi wa vyuma chakavu walipanda kutoka Sumbawanga mjini, ukawarudisha. Vijana pale kijijini Chala wakakupachika jina, Mzee wa Roketi. Hukujali. Ulichonga fito, ukalizungushia uzio, ukazuia watoto na ng'ombe. Jioni ukiona vile vimulimuli vya setilaiti vinavyokwenda kwa mstari angani ulisema, "Haya, wanapita wenye haraka. Huko juu nako wamejaza, sasa wanatumwagia sisi."

Kisha masika yakaingia, ukaugua kichomi. Majirani, kwa upendo, wakaja kukusaidia kulima intumba, matuta yetu ya mviringo ambayo majani huzikwa ndani yaoze yawe mbolea. Walipofika kwenye lile tufe, wakaona wamalize kero. Wakalifukia kwa majani na udongo, likawa tuta kama matuta mengine. Walikuja kitandani kwako wakiwa na furaha: "Mzee, tumelizika. Tuta halishindwi na kitu."

Ulinyanyuka, Baba, homa na yote. Mama alikushika shati, ukamwachia shati. Ulifukua pembeni kwa jembe, taratibu, bila kuligusa, mpaka likaonekana tena, watu wamesimama wanakutazama. Ukasema, "Tuta si jalala. Tunazika kinachorudi. Hiki hakirudi, na kikifichwa, nani atakumbuka kuja kukichukua? Watoto watalima hapa, maji yatapita hapa." Beda ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinama kukusaidia kurudisha uzio.

Masika hayo hayo ukatuacha.

Na waliosema watarudi hawajarudi. Tumepanda ofisini kwao hadi walinzi wanatuita kwa majina. Tunaambiwa lina mwenyewe, mwenyewe anatafutwa. Ng'ombe akila shamba la mtu, mwenye ng'ombe hupatikana siku hiyo hiyo. Mwenye kutupa chuma kutoka mbinguni hapatikani! Binti yako Bertilla na wanawake wenzake wameacha chemchemi yako, wanachota maji ng'ambo ya kilima, na shamba lile hatukulilima.

*Mwenye kutupa mbinguni, asidhani zimetoka,*
*Taka zake zi shambani, mwaka wa pili wafika,*
*Na Baba yu kaburini, neno halijazikika,*
*Twauliza: ni wa nani, mzigo ulioshuka?*

Fito zako zimeanza kuliwa na mchwa, Baba. Tufe halijapata hata kutu. Kwa hiyo, Jumamosi baada ya misa ya kukuombea, tunakwenda shambani. Atakayekuja asilete shada la maua. Alete kipande kimoja cha mti wa mbono, tukichomeke kwenye uzio wako kishike mizizi. Na waliosema watarudi, njia ni ile ile, nao waje.

Wewe tulikuzika kwa sababu wewe ni wa udongo. Lile hatutalizika.

Unakumbukwa na mkeo Marsiana, wanao Bertilla, Flavian na Christopha, dada yako Silvana, wajukuu wote, na Beda, aliyetuomba jina lake liwemo.

Hatutakusahau, Baba, na uzio wako hautaanguka.